MJADALA: Chemshabongo ya bao ikishajibiwa, mwenye nayo aruhusiwe kuiediti?

Kete22 (mleta mada):
Habari zenu wana bao wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala na wote mlio mbali na kusini. Hili nalileta hapa kwa sababu kwenye grupu letu la Telegram watu wameshaanza kununiana. Jumamosi jamaa kaweka chemshabongo kama kawaida yetu, mchezo bado uko kwenye namua (hatua ya kwanza, kete za mkononi bado zinaingizwa moja moja), nyumba ya anayecheza (lile shimo maalumu la mstari wa mbele) ina kete 6, unaulizwa akishakula, kete ya mwisho ikaangukia nyumbani, afanye nini. Watu tumekaa nayo, wengine tumetoa bao kabisa tukapanga kete kama alivyoandika, tukajibu lala, usisafiri, yaani ishia hapo, usizoe kete za nyumba, na tukaeleza kwa nini. Jumapili asubuhi nafungua simu nyumba ina kete 4. Nne! Anayelijua bao la kiswahili anajua maana yake, ikiwa na 6 kwenda juu una hiari ya kulala au kusafiri, ikipungua hapo ni shimo kama mashimo mengine unazoa unaendelea, hakuna hiari. Kwa hiyo wote tuliojibu tumeonekana hatujui sheria, na kijana mgeni kaandika pale chini kuwa wazee wa humu hata nyumba hawaijui. Imeniuma. Pendekezo langu: akishajibu mtu mmoja tu, posti haiguswi tena. Umekosea? Andika sahihisho chini yake kila mtu alione. Tulipokuwa WhatsApp hili halikututesa sana maana kuediti kule, tangu walete 2023, mwisho dakika 15. Huku Telegram mtu anapewa saa 48, siku mbili nzima za kubadili maneno.

Mtanda Juu:
Naona natajwa bila kutajwa. Chemshabongo ni yangu na sikubadilisha, nilisahihisha. Mpangilio niliokusudia ulikuwa na kete 4 tangu mwanzo, kidole kimegusa 6. Sasa mlitaka niache uongo umekaa pale mgeni akija ajifunze uongo? Na kaka Kete22 ungenifuata pembeni, una namba yangu.

Mzee wa Kimbi:
Kidole hakikosei kutoka 4 kwenda 6 mwanangu, 5 ipo katikati. Ila sishangai, Lindi nyumba mnaichezea ovyo tangu zamani, mtu anasafiri kabla hajahesabu kete za mwenzake.

Mtanda Juu:
Mzee nakuheshimu lakini hilo la Lindi lifute. Tunazungumzia posti moja ya mtu mmoja.

Mzee wa Kimbi:
Nifute? Si mleta mada kasema posti ikishajibiwa haiguswi!

Binti Mikindani:
Jamani kabla hamjafika mbali. Mimi nasimama na Kete22 ila sheria yake ina tundu. Wengine tunaandika kwa simu ndogo na mtandao unakatika, posti inaenda nusu, unarudi kuimalizia unakuta mtu keshaweka "wa kwanza". Huyo naye kajibu? Kwa hiyo nimefungiwa na chemshabongo nusu? Kwangu mimi tahajia iedit utakavyo, ila idadi ya kete, zamu ya nani na upande wa kuanzia kusambaza, hivyo visiguswe. Halafu kila anayejibu anakili kwanza mpangilio alioukuta, abandike juu ya jibu lake. Hapo hata akibadilisha mara kumi jibu lako linajieleza lenyewe.

Chikongola_01:
Suluhisho rahisi, chemshabongo zote ziwe picha. Panga bao, piga picha, weka.

Admini wa Kusini:
Telegram picha nayo inabadilishwa, unaediti posti unaweka nyingine palepale. Ndugu zangu niwaeleze upande wetu. Hizo saa 48 kwenye mipangilio ya grupu hakuna sehemu ya kuzipunguza. Viongozi tunaona maandishi ya mwanzo kwenye kumbukumbu ya matukio, nayo inakaa saa 48 tu kisha inapotea. Mkilalamika Jumatano kwa jambo la Jumamosi mimi sina cha kufungua. Ninachoweza ni kuweka sheria na kumnyamazisha anayeivunja, na hilo la kunyamazisha watu ndilo silitaki, tunafahamiana humu.

Nyumba Haivunjwi:
Admini basi si ulishaona, sema, ilikuwa 6 au 4?

Admini wa Kusini:
Mwanzo iliandikwa 6. Hilo na Mtanda Juu mwenyewe hajalikataa.

Kete22:
Na alama ya kwamba imeeditiwa ipo, ndogo pale pembeni ya saa, ila haikwambii kilichobadilishwa ni nini. Mtu anaweza kuwa kaongeza nukta tu au kageuza mchezo wote, alama ni ileile. Ndiyo maana nasema lazima aandike chini, "nyumba ilikuwa 6, sasa ni 4, majibu ya mwanzo ni sahihi kwa mpangilio wa mwanzo". Mstari mmoja tu. Hicho ndicho alichotunyima, wala sisemi ni mwizi.

Mtanda Juu:
Neno mwizi limetoka wapi? Nani kasema mwizi? Ona sasa mnavyopeleka mambo. Halafu Mzee wa Kimbi bado hajaomba radhi kwa watu wa Lindi.

Mzee wa Kimbi:
Radhi ya nini, nyie wenyewe mlikuwa Mtwara, mkoa wenu umekatwa hapa 1971.

Mtanda Juu:
Na mwanzo makao makuu ya Jimbo la Kusini yalikuwa wapi mzee? Lindi. Mtwara mmekuja kukua kwa bandari ya ule mradi wa karanga wa mkoloni.

Mzee wa Kimbi:
Karanga zenyewe zilifeli, bandari ipo na korosho zenu zinapita hapa.

Nyumba Haivunjwi:
Reli ya karanga iling'olewa lini vile, sitini na ngapi? Babu yangu alikuwa anaipanda kwenda Nachingwea.

Chikongola_01:
Mwanzoni mwa miaka ya sitini nadhani ndiyo ilifungwa. Na Nachingwea iko Lindi kwa hiyo hapo mmetoka suluhu.

Binti Mikindani:
Swali lilikuwa kuediti posti.

Mzee wa Kimbi:
Tunajua dada. Lakini bao ni la pwani, na aliyekua nalo barazani hawezi kuandika nyumba ya kete 4 halafu akauliza alale au asafiri, swali lenyewe halina maana. Ndiyo nasema lile swali liliandikwa likiwa na 6, akaona watu wamelipata upesi, akalibadilisha awakomoe. Fikiri mwenyewe.

Binti Mikindani:
Hilo la swali kukosa maana ni hoja, namwachia mwenye nalo ajibu. Ila bao la pwani peke yake hapana. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao na kwao Butiama. Mimi nimefundishwa na babu na kila siku nasikia eti bao la wanaume, sasa tukiongeza na bao la pwani tutabaki wangapi?

Mtanda Juu:
Swali lilikuwa na maana, lilikuwa mtego kwa anayekariri. Unaulizwa alale au asafiri, jibu ni kwamba hana hiari, anazoa. Ndiyo uzuri wake. Na nyie wote mkaruka kwenye kulala kwa sababu mmezoea kuona nyumba imejaa.

Kete22:
Tumeruka kwa sababu uliandika 6!!! Mtanda Juu tafadhali. Kwa kete 6 kulala ndilo jibu la mtu mzima, mkononi bado unazo kete za kunamua, uvunje nyumba ya nini. Umetupa mchezo mmoja na umetusahihisha kwa mchezo mwingine. Nafundisha vijana wawili hapa mtaani, wanasoma zile chemshabongo kila wiki, wameniuliza mbona ulijibu lala wakati nyumba haina hadhi, yaani haijafika kete 6. Niwajibu nini? Nimewaonyesha jibu langu, posti juu inanikana.

Chikongola_01:
Lakini WhatsApp nako mtu alikuwa anafuta kabisa, ni siku mbili na ushee unaweza kufutia wote. Bora hata huku kaacha posti.

Nyumba Haivunjwi:
Kufuta afadhali, wote tunaona kuna kitu kimefutwa. Kubadilisha kimyakimya ndiyo mbaya.

Mzee wa Kimbi:
Mimi nasema huyu tukutane tu. Hesabu ya Lindi na hesabu ya Mtwara zijulikane kwenye ubao. Mnazi Mmoja pale njia panda, wa Masasi naye anafika, nauli kila mtu yake.

Mtanda Juu:
Mzee nakuja. Ila kwa sheria zipi? Ukibakiwa na nyumba tu mstari wa mbele na unatakasa, yaani huna cha kula, unatoa kete mbili au unaizoa yote?

Mzee wa Kimbi:
Mbili. Kila mtu anajua mbili.

Nyumba Haivunjwi:
Mbili ikiwa nyumba bado ina hadhi. Semeni vizuri msije mkagombana hukohuko.

Admini wa Kusini:
Kabla ya safari ya Mnazi Mmoja naomba kauli kwenye mambo mawili: sahihisho liandikwe chini, ndiyo au hapana, na anayejibu anakili mpangilio kama alivyosema Binti Mikindani, ndiyo au hapana. Kule kwenye grupu wamejibu wawili tu mpaka sasa, kumi wameuliza nauli.

Chikongola_01:
Ndiyo ya kwanza. Ya pili sikuiona, iko wapi?

Kete22:
Ndiyo zote mbili. Na ile ya Jumamosi naomba Mtanda Juu aweke ule mstari leo, kabla sijakaa tena na wale vijana.

Mtanda Juu:
Nitauweka Mzee akifuta la Lindi.