Ukoo wa Bi Kidawa, Ottawa

Rehema: Assalaam aleykum wapendwa. Jumamosi tunampeleka Haji Toronto, kwenye jumba la mashujaa wa hoki ya barafu. Kazi yake ya shule inamhusu kocha Lester Patrick. Nataka magari mawili. Jibuni leo.

Rehema: Naona mmesoma.

Mwajuma: Huyo kocha ni nani?

Haji: Mama mdogo, yeye na ndugu yake Frank walianzisha ligi ya pwani ya magharibi 1911. Pesa za mbao za baba yao ndizo zilizojenga viwanja vya barafu ya mashine Victoria na Vancouver. 1925 timu ya Victoria wakachukua Kombe la Stanley, kombe kubwa la hoki. Baada yao hakuna timu ya nje ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, iliyolichukua tena.

Athumani: Pesa za baba! Sisi tuliachiwa minazi 😂

Mwajuma: Na minazi aliuza nani?

Rehema: Msianze. Magari!

Mwajuma: Nauliza tu. Safari ya Niagara nilitoa hela ya mafuta, nikaachwa.

Haji: Sikilizeni hii. Fainali ya kombe hilo 1928, mechi ya pili, Montreal. Lester ni kocha wa New York Rangers. Kipa wake, Lorne Chabot, kapigwa jichoni, na timu haina kipa wa akiba. Alec Connell, kipa wa Ottawa, yuko jukwaani, lakini kocha wa Maroons, wapinzani wao, kamkataa. Lester, miaka 44, akavaa mwenyewe akaingia golini. Wakashinda 2-1 muda wa nyongeza, na mwishowe kombe likawa lao.

Athumani: Mtu wa kwetu Ottawa kaenda kutazama mechi, kanyimwa kibarua 😂

Salim: 44? Mvalisheni shemeji Bakari 😂😂

Rehema: Salim, gari.

Bi Kidawa: Nimesomewa yote. Mtoto huyu anacheza tangu baridi ianze, na hakuna mjomba wake hata mmoja aliyekwenda kumtazama. Mwajuma, la Niagara nilisema liishe. Athumani, gari utatoa.

Athumani: Shikamoo mama. Nimesikia.

Mwajuma: Shikamoo mama.

Bi Kidawa: Marahaba.

Salim: Jumamosi nina zamu. Jumapili je?

Haji: Naikabidhi Jumatatu asubuhi.

Rehema: Basi Jumapili, tutoke saa 11 alfajiri. Athumani lako tumelipata. La pili?

Mwajuma: Mafuta tunachangaje safari hii?

Rehema: Salim?

Salim: Nitaangalia kesho inshallah.