Mrejesho: springi za kuinua pikapu

Wakuu, niliuliza nifunge springi za kuinua inchi 2 au 4 kwenye pikapu yangu ya njia mbovu. Nimefunga za inchi 2, na nawashukuru mliosisitiza nipime kwanza mzigo ninaobeba kila siku. Bampa ya chuma na winchi (mashine ya kuvuta gari likikwama) viko mbele muda wote, kwa hiyo mbele nimeweka koili (springi za mviringo) za mzigo mzito. Nyuma nimeongeza bamba moja tu la springi, maana bodi mara nyingi huwa tupu na springi ngumu zingeirusharusha. Shokapu nazo nimebadilisha, za zamani zilikuwa fupi. Gari lilivuta kushoto mpaka nilipofanya alaimenti (kunyoosha mkao wa magurudumu). Baada ya siku chache nikakaza upya yubolti, zile bolti za umbo la U zinazobana springi za nyuma kwenye ekseli. Nati za mbili zilikuwa zimelegea hadi zikazunguka kwa vidole!