Nimeokota mtoto wa koala barabarani, wanangu wanataka tumfuge. Nifanyeje?

Baba Neema
Wakuu habari za usiku. Naomba ushauri wa haraka, mwenzenu nimekwama.

Naishi Ipswich, Queensland, huku Australia. Tulikuja na familia kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huu ni mwaka wa 6. Usiku huu nikitoka zamu kiwandani nimekuta koala, yule mnyama wa huku anayeishi mitini na kubeba mtoto mfukoni, kagongwa na gari, kalala ukingoni mwa lami. Nikasimama nimvute pembeni, ndipo nikaona kitu kinacheza tumboni kwake. Kumbe ana mtoto, kang'ang'ania manyoya ya mama yake. Mama alikuwa ameshakufa. Nikavua koti la kazi nikamfunika mtoto, nikamwachanisha kidole kimoja kimoja. Kucha zake zimenichana hadi kwenye kiwiko, lakini hakulia.

Sasa yupo bafuni, ndani ya kapu la nguo chafu, juu ya taulo. Ana ukubwa wa paka mchanga. Watoto wameshampa jina, wanamwita Zawadi, na binti yangu mkubwa katandika mkeka mlangoni mwa bafu, hataki kutoka. Tumempa maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano, kalamba kidogo. Nimemkatia tawi la mkaratusi wa hapa mtaani, hakugusa.

Mke wangu anasema tupige simu kwa wahusika. Mimi nina maswali mawili. Je, mnyama huyu anafugika? Kule nyumbani nimewahi kulea kima na akanizoea kabisa. Na la pili, nikipiga simu si nitaambiwa nimeiba mnyama wa serikali? Tunasubiri uraia, sitaki faili letu liharibike.

Mzee wa Goodna
Pole na kazi, Baba Neema. Kwanza toa hofu. Kumwokoa mnyama aliyeumia na kumpeleka kwa daktari si kosa, wenyeji hufanya hivyo kila siku. Kosa ni kukaa naye. Koala analindwa na sheria ya uhifadhi ya Queensland ya mwaka 1992, na hakuna jimbo lolote Australia linaloruhusu mtu kumfuga nyumbani. Kwa hiyo simu ndiyo inayokulinda wewe na faili lako. Piga RSPCA ya Queensland, shirika la kutetea wanyama, wanapokea usiku.

Mama Imani
Baba Neema, shikamoo. Nina kibali cha kulea wanyamapori yatima hapa Queensland, nimeshapitisha koala kadhaa mikononi mwangu. Tafadhali fanya haya kabla hujasoma mengine: acha maziwa ya ng'ombe sasa hivi, tumbo la wanyama hawa haliwezi sukari iliyo ndani yake, atahara na kuhara kutamuua. Usimmiminie maji mdomoni, yataingia mapafuni. Zima taa ya bafu, funika kapu kwa shuka nyepesi, mbwa kama yupo atoke nje, na watoto wasimshike. Mpe mwanasesere wa manyoya amkumbatie, sisi huwapa hivyo. Amezoea kushika kifua cha mama yake saa zote. Halafu piga simu.

Sasa nikujibu la kufuga. Najua unauliza kwa upendo, nami siku ya kwanza niliuliza hilohilo.

Koala huzaliwa akiwa na urefu wa sentimita 2 hivi, hana macho wala manyoya, anatambaa mwenyewe hadi kwenye mfuko wa mama na kukaa humo miezi 6. Anapokaribia kutoka, mama humtengenezea chakula cha namna ya pekee: kinyesi laini, kama uji wa ulezi ulioiva. Mtoto anatoa kichwa mfukoni na kula. Humo mna vijidudu vya tumbo la mama, na bila hivyo mtoto hataweza kumeng'enya jani la mkaratusi maisha yake yote, kwa sababu jani lile ni sumu. Koala waliokomaa wana utumbo wenye mfuko wa urefu wa mita 2 hivi, ambamo majani yanachachushwa polepole. Ndiyo maana wanalala hadi saa 20 kwa siku, chakula chenyewe hakina nguvu.

Sasa huyo wako, ameshakula uji huo au bado? Kwa kumtazama bafuni hutajua. Sisi, kama hajala, tunautafuta kutoka kwa koala mzima mwenye afya. Hakuna duka linalouza.

Mwana Njombe
Naomba kuuliza, samahani kama nachepuka. Huku kwetu mikaratusi imejaa kila kilima. Sasa kama chakula ndicho hicho, shida iko wapi? Mtu si angekata tawi tu?

Mama Imani
Swali zuri, mdogo wangu. Mikaratusi ina aina zaidi ya 600, na koala wa eneo moja anategemea chache tu. Hata ndani ya aina hizo, mti huu anakula na wa jirani yake anaukataa, maana sumu ya majani hutofautiana mti kwa mti. Anashika jani, ananusa, anatupa. Jana kala, leo hataki. Koala mzima anataka kati ya nusu kilo na kilo nzima ya majani mabichi kila siku, yakinyauka hali. Mimi huamka saa 11 alfajiri kukata matawi ya aina 4 au 5, nayasimamisha kwenye ndoo za maji, na jioni natoa zaidi ya nusu hayajaguswa.

Na ugonjwa upo. Koala wengi wana klamidia, inawapofusha na kuwafanya tasa. Antibayotiki ya kuitibu inaweza kuua vilevile vijidudu vya tumbo nilivyosema, mnyama akafa njaa tumbo likiwa limejaa majani. Hospitali zinapata tabu, sembuse bafu la nyumbani.

Asha wa Brisbane
Lakini mbona watalii walikuwa wanapakatishwa na kupigwa picha nao? Mimi mwenyewe ninayo picha ya Lone Pine, ile hifadhi ya koala hapa Brisbane.

Mzee wa Goodna
Lone Pine waliacha kuwapakatisha watu koala Julai 2024, na pale walikuwa na wahudumu na mashamba ya mikaratusi. Jimbo la New South Wales lilishakataza zamani. Tena tukumbuke koala walikotoka: mwaka 1927 serikali ya Queensland ilifungua msimu wa kuwawinda kwa ajili ya ngozi, wakauawa zaidi ya laki 5 ndani ya mwezi mmoja. Februari 2022 koala wa Queensland, New South Wales na eneo la Canberra wametangazwa kuwa hatarini kutoweka. Kila mtoto mmoja anahesabika.

Baba Neema
Wakuu, mrejesho. Nilipiga simu saa 7 usiku. Alikuja mama mmoja wa makamo na kapu lake. Hakuniuliza karatasi hata moja. Alimpima, gramu 640, akamtia kwenye mfuko wa kitambaa na kuuweka ndani ya koti lake apate joto. Kuhusu maziwa hakunigombeza, aliuliza tu ni kiasi gani.

Binti yangu alilia sana. Yule mama akamruhusu ampelekee mwanasesere wake, sungura wa kijivu, na Zawadi akamkumbatia palepale.

Aliuliza pia ni wapi hasa nilipomkuta, kwa sababu akipona na kukua lazima arudishwe karibu na hapo. Usiku ule sikuweza kueleza vizuri. Asubuhi nimerudi na kijana wangu, tumemkuta mama yake Zawadi bado pale, tukamsogeza chini ya mti. Kijana akanakili namba ya nguzo ya taa, nimemtumia yule mama.

Mama Imani
Asante, Baba Neema. Mti huo magome yake yakoje, laini au yenye nyuzi? Piga picha ya majani yake umtumie pia, huenda ndio aliokuwa anakula mama yake.