Profesa akitoka ofisi ya chuo kuja kuomba kura, tumpime kwa lipi?

Mwana Changanyikeni:
Wakuu, jana kijiweni hapa Ubungo kulizuka ubishi. Jamaa kashikilia kwamba nchi ikiachiwa walioongoza vyuo vikuu itanyooka. Tumewekeana kahawa na kashata. Mimi nikamtajia Woodrow Wilson, rais wa zamani wa Marekani.

Huyu alikuwa rais wa Chuo Kikuu cha Princeton, 1902 hadi 1910. (Marekani rais wa chuo ndiye bosi mwenyewe, kama makamu mkuu wa chuo kwetu. Msimchanganye na rais wa DARUSO, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani.) 1911 akawa gavana wa New Jersey, 1913 huyoo Ikulu. Mpaka leo ndiye rais pekee wa nchi ile mwenye PhD.

Lakini angalieni alivyoondoka chuoni. Alianza vizuri: alileta walimu vijana wa kufundisha vikundi vidogo. Kisha akagusa vilabu vya kulia chakula vya watoto wa wakubwa, wahitimu wenye pesa wakamjia juu. Mwisho akavutana na Andrew West, mkuu wa masomo ya uzamili, kuhusu mahali pa kujenga jengo. Kiwanja tu! Akashindwa.

1919 yakawa yaleyale. Maseneta walitaka Mkataba wa Versailles, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza na uliounda Shirikisho la Mataifa, uwekewe masharti, yeye akagoma, ukaanguka. Marekani haikuingia kwenye Shirikisho la Mataifa alilolipigania mwenyewe, shirikisho lilelile lililowakabidhi Waingereza Tanganyika yetu.

Kwa hiyo mimi vyeti sihangaiki navyo. Nitauliza: wahadhiri waliompinga kikaoni, aliishi nao vipi?

Kapuku wa Kimara:
Mkuu, umemchagulia kosa jepesi. Ni chini ya serikali yake, kuanzia 1913, watumishi Weusi walitengwa na Wazungu kwenye ofisi za serikali kuu. Princeton wenyewe 2020 wameliondoa jina lake kwenye skuli yao ya mambo ya umma. Ukaidi unavumilika, hilo je?

Mwana Changanyikeni:
Hapo umenikamata. Hilo kikao cha chuo kisingenionyesha.

Mstaafu wa Mlimani:
Wanangu, mnakwenda mbali. Kwetu njia ilikuwa ya kinyume, siasa ndiyo iliyopanda Mlimani. Pius Msekwa alitoka TANU, 1970 akawa makamu mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baadaye Spika mpaka 2005. Akafuata Ibrahim Kaduma, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Machi 1978 wanafunzi wakaandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri, wakafukuzwa. Sasa niambieni, makamu mkuu aliyetoka baraza la mawaziri angesimama upande gani?

Mwana Changanyikeni:
Shikamoo mzee. Swali hilo napeleka kijiweni kama lilivyo.

Dada wa Sinza:
Mbona mnataja wanaume watupu? Naana Jane Opoku-Agyemang aliongoza Chuo Kikuu cha Cape Coast, wa kwanza mwanamke kwenye chuo cha umma Ghana, na tangu Januari 2025 ni makamu wa rais. Mtafuteni aliyefanya naye kazi ndipo mseme nani kashinda.

Kapuku wa Kimara:
Dada, basi kahawa ilipwe nusu kwa nusu.

Mwana Changanyikeni:
Silipi. Labda kashata.