Tupeane uzoefu: kukaanga tambi za Kichina nyumbani

Ndugu zangu, wengi wetu wa Pwani tumekulia tambi za sukari, nazi na iliki, na mazoea hayo hutufuata hata tunapopika za Kichina: tunaziacha ziive mpaka zilegee. Tambi za kukaanga zinataka ukavu na moto mkali. Mimi huzichemsha tambi za mayai kwa dakika moja pungufu ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, nikazisuuza kwa maji baridi ili wanga wa juu uondoke, kisha nikazitandaza kwenye sinia hadi zikauke, ndipo nizipake mafuta kidogo. Naomba kila mmoja aeleze anavyofanya kwake, hasa kuhusu moto, kwa sababu majiko yetu hayafikii nguvu ya yale ya mikahawani.

Mchangiaji aliyesoma Guangzhou:
Kule asubuhi watu hula tambi nyembamba zilizokaangwa kwa sosi ya soya, pamoja na uji wa mchele. Hazina nyama, ni tambi, chipukizi za choroko na majani ya kitunguu, basi. Nilikuwa nikisimama kumtazama mpishi: karai linafuka moshi kabla mafuta hayajaingia, tambi zinatupwa, anaziachanisha kwa vijiti huku akizigeuza, na sosi anaimwaga pembeni mwa karai, si juu ya tambi, ili ichemke na kuungua kidogo inapogusa chuma. Harufu ile ya moshi ndiyo Wakantoni huiita *wok hei*, na ndiyo ninayoitafuta kila ninapopika. Sosi hutumika za aina mbili: nyepesi kwa chumvi, nyeusi nzito kwa rangi, nayo hutosha kijiko kidogo.

Mchangiaji wa Tanga:
Nakubaliana na ndugu yangu kuhusu moshi, na kwa maoni yangu jiko la mkaa linatufaa kuliko tunavyodhani. Karai la chuma lenye kitako cha duara hukaa vizuri juu ya mkaa, moto ukalikumbatia pande zote, ilhali kwenye jiko la gesi huyumba na kupata moto katikati tu. Mwenye gesi atumie kikaango kipana cha chuma na akaange sahani mbili kwa mkupuo, asizidishe. Karai likijazwa hupoa, mboga hutoa maji, na badala ya kukaanga mtu anajikuta anachemsha. Kabichi, karoti na hoho nazikata nyembamba na kuzifuta maji, nazikaanga peke yake, naziweka kando, kisha nazirudisha tambi zikishashika rangi.

Mama mmoja wa Mombasa:
Wanangu, mapishi mengi ya Kichina yanataja mvinyo wa mchele, na sisi tunaokula halali hatuutumii. Mimi naweka vijiko viwili vya supu ya kuku na tone la siki, na ladha inakamilika. Tusisahau pia kwamba China ina Waislamu wengi, Wahui na Wauyghur, wenye migahawa yao ya tambi. Wauyghur hutia bizari nyembamba kwenye nyama, na mimi nimeiga: nyama ya ng'ombe, bizari, kitunguu saumu na pilipili hoho nyekundu. Watoto wangu huipenda kuliko zote.

Mchangiaji wa Kampala:
Kwa nyama, ikateni kukingamana na nyuzi zake, mkaichanganye na sosi ya soya, kijiko cha kornflawa na mafuta kidogo, ikae nusu saa. Hubaki laini hata kwenye moto mkali.

Mwanzisha mada:
Shukrani, mama. Nitaijaribu bizari. Mafuta ya ufuta naomba tuyatie baada ya kuepua, kwa kuwa yakikaa kwenye moto mkali harufu yake hupotea; kwa kukaangia, ya karanga au ya alizeti yanatosha. Mwenye njia ya kuotesha chipukizi za choroko bila kuoza wakati wa joto, tafadhali atueleze.