Hii tabia ya "bei njoo inboksi" ikome, tunaibiwa mchana kweupe

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisome mpaka mwisho maana nina hasira toka juzi, nikiendelea kukaa nayo moyoni nitaumwa.

Hivi ni nani aliyewaambia wauzaji wa Instagram kwamba bei ni siri? Unaona picha ya kitu, kizuri, umekipenda, unashuka chini kusoma maelezo unakuta maua maua, "mzigo mpya umeingia", "delivari mikoa yote", namba ya WhatsApp, kila kitu kipo isipokuwa bei. Unaandika komenti "bei gani?" unajibiwa "njoo inboksi mpendwa". Walioandika kabla yako 40 wote wameuliza hilo hilo na wote wamejibiwa hivyo hivyo. Kama unaweza kumjibu mtu mmoja mmoja watu 40 unashindwaje kuandika namba moja pale juu tukaisoma wote?

Mi nilikuwa naona ni uvivu tu, kumbe kuna jambo. Ngoja niwape mkasa.

Naishi Dodoma. Mama yangu yuko Kondoa, nyumba yake tumeijenga kidogo kidogo na wadogo zangu toka 2016, mwaka huu ndo imepigwa plasta na rangi, ikabaki mapazia. Madirisha 6, kila moja mita 4, jumla mita 24. Nikasema hili naliweka mimi. Usiku nimelala zangu naperuzi simu nikakutana na ukurasa mmoja wa mapazia, wanasema wako Kariakoo, folowaz wengi, video nzuri, kitambaa kinaonekana kizito kabisa kile ambacho ukifunga dirisha jua halipiti. Bei hakuna. Nikaenda inboksi kama nilivyoambiwa. Nikakaa kama dakika 10 hivi ndo nikajibiwa, mita moja 18,000. Nikaomba apunguze akasema hiyo ni bei ya mwisho bosi wangu, mzigo umepanda sababu ya dola. Nikakubali, maana ni mama.

Sasa akaniambia nitume hela kwenye namba ya kawaida. Nikamuuliza lipa namba, ile namba ya malipo ya biashara, hana? Akasema anayo ila inasumbua, alafu nitume na ya kutolea. Yani 432,000 ya kitambaa, juu yake elfu 8 ya kutolea, na nauli ya mzigo kwenye basi elfu 10 nayo juu yangu. Nikituma jina linakuja la mwanaume wakati ukurasa unajiita dada fulani. Nikajipa moyo kwamba laini zote toka Januari 2020 zimesajiliwa kwa alama za vidole, huyu hawezi kupotea. Nikatuma.

Siku ya pili mdogo wangu, ambaye hajui kama nimeshalipa, naye akaona ukurasa ule ule. Yeye akaunti yake ina picha 4, mbili za maua. Akauliza kitambaa kile kile, rangi ile ile. Akaambiwa 12,000. Akanitumia skrinshoti anafurahi, dada nimepata pazia za mama kwa 12,000 mita! Nilikaa chini.

Mimi akaunti yangu mwaka juzi nilienda semina ya kazini Zanzibar tukalala hotelini, nikapost picha niko ufukweni. Nguo ile niliazima kwa shoga yangu. Huyu muuzaji zile dakika 10 alikuwa kwenye ukurasa wangu anaangalia nimevaa nini na nimelala wapi ndo akapanga mita iwe shilingi ngapi. Tofauti ya 6,000 kwa mita, mara 24, ni 144,000. Hiyo 144,000 ndo ilikuwa ya fundi wa kushona na vyuma vya kutundikia.

Na bado. Mzigo ulipofika stendi ya Nanenane nikaenda kuuchukua, kuufungua kitambaa siyo kile. Chepesi, tofauti yake na shiya, lile pazia la kuonyesha, ni rangi tu. Nikampigia, akasema picha na uhalisia vinatofautiana kidogo kwa ajili ya mwanga wa kamera. Nikamwambia nauliza uzito siulizi rangi. Akasema mzigo ukishatoka haurudishwi. Nikamwonyesha ile skrinshoti ya 12,000. Nikala bloku hapo hapo, WhatsApp na Insta. Nikapiga huduma kwa wateja ya mtandao wa simu wakaangalia wakasema hela imeshatolewa na muamala wenyewe niliuthibitisha mwenyewe kwa namba yangu ya siri, hawana cha kufanya. Pazia tulishona hivyo hivyo kwa sababu hela ilishaisha. Mama alipotundikiwa akashukuru sana, akatuombea dua wote, usiku akawasha taa akaniita nje taratibu akaniambia mwanangu mbona mtu akipita barabarani ananiona nimekaa. Hapo ndo roho iliniuma kuliko ile hela.

Sasa nisikilizeni. Sisi tunaonunua kwa simu saivi siyo wachache tena. Zamani mtu wa mkoani akitaka kitu cha Dar anasubiri mtu anayeenda, anampa hela na karatasi yenye vipimo, au anafunga safari mwenyewe anazunguka Kongo, Aggrey, Msimbazi mpaka miguu inavimba. Leo nipo kitandani saa 5 usiku nachagua pazia, ofisini tuna grupu la WhatsApp la mboga, mayai na samaki wa Mtera, bodaboda anakuletea mlangoni. Mangi mwenye duka mtaani kwetu ana lipa namba imebandikwa kwenye kioo, mkate unalipa kwa simu. Toka M-Pesa imeingia nchini 2008 tumezoea. Ile tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ya Julai 2021 watu walirudi kwenye noti kwa hasira, lakini walipoipunguza na mwishowe kuifuta kwenye kutuma hela 2023 tukarudi kwenye simu kama kawaida. Kurudi nyuma hakupo. Ndo maana nasema hili tusipolipigia kelele sasa hivi litakuwa ndo utaratibu.

Maana angalieni kilichobadilika. Kariakoo kwenye duka la vitambaa bei unapatana mbele za watu. Muuzaji akitaja 18,000 yule mama pembeni yako anasikia, atakukonyeza, au atasema kwa sauti "mi jana nilichukua kwa 13", na duka la tatu mbele wanauza hicho hicho ukitaka unaenda. Kitambaa unakishika, unakikunja, unakiangalia kwenye mwanga. Muuzaji anaweza kukupima kwa macho pia, sikatai, amekuona umevaa vizuri anaanzia juu, lakini masikio ya watu yanambana. Inboksi hakuna mtu wa pembeni. Uko wewe na yeye tu, yeye amekuona maisha yako yote kwenye picha, wewe humjui hata sura. Hiyo ndo siri ya "njoo inboksi" wakuu. Wametutoa sokoni wametuingiza chumbani mmoja mmoja.

Mama anayeuza nyanya pale Majengo hajasoma biashara popote lakini fungu lake ni 1,000, aje waziri aje mwanafunzi ni 1,000. Na huyo mangi, simu imemrahisishia kupokea hela lakini bei ya sukari hajaihamishia inboksi. Kwa hiyo msiniambie ni mambo ya teknolojia. Hata Jumia ilipokuwa hapa nchini kabla haijafunga Novemba 2019, ulikuwa unafungua simu unaona kitu na bei chini yake, ya kwako na ya jirani yako ni moja. Simu ile ile. Mtu akiamua kuandika bei anaandika.

Najua sababu mtakazoniambia maana nimeshazisikia. Eti washindani wataiba bei. Mshindani akitaka bei yako si anakuja inboksi kama mimi? Eti dola inapanda na kushuka. Sawa, badilisha ukipakia picha mpya, vituo vya mafuta bei zinabadilika kila mwezi na zinaandikwa kwenye bango kubwa barabarani. Eti wateja wanakimbia wakiona bei kubwa. Basi waache wakimbie, ni haki yao, wewe unataka uwashike mkono kwanza waone haya ndo uwatajie? Na wengine wanasema komenti zikiwa nyingi posti inasukumwa mbele, kwa hiyo sisi tunapouliza bei mara 40 tunamfanyia matangazo ya bure.

Halafu kuna hili la mawinga, na hapa najua nitawaudhi wengi. Kurasa nyingi za hivi hazina duka. Ni winga, yuko kwenye grupu la muuzaji wa jumla, anachukua picha, anaweka cha juu, ukilipa ndo anakwenda kununua. Sina ugomvi na winga, ni kijana anatafuta riziki na wapo waaminifu, nimenunua viatu vya watoto kwa mmoja mwaka jana alinitumia video ya kila kiatu na risiti ya basi. Shida ni pale anapouza kitu ambacho yeye mwenyewe hajawahi kukishika. Anakuahidi kitambaa kizito na yeye hajui uzito wake. Kikija kingine anakwambia mwanga wa kamera.

Na hii ya "tuma na ya kutolea" imetoka wapi? Mimi mnunuzi nalipa makato ya kutuma, nalipa na makato yako ya kutoa? Na kwa nini namba binafsi? Miaka yote tunaambiwa tusitume hela kwa namba tusiyoijua, ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" nani hajaipata hapa, alafu biashara nzima ya mtandaoni imejengwa juu ya kutuma hela kwa namba tusiyoijua. Lipa namba angalau inatoa jina la biashara. Mtu mwenye duka la kweli anakosaje?

Sheria tunazo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ipo toka 2015 na ina sehemu nzima ya kumlinda mlaji, Tume ya Ushindani ipo na kumlinda mlaji ni kazi yao. Nataka kuona hao watu wakiingia Insta kama wanavyoingia madukani kukamata bidhaa feki. Waanze na jambo moja tu, anayetangaza bidhaa kwa kuuza aandike bei na aandike duka liko wapi. Moja tu. Hiyo haihitaji bajeti.

Jina la ukurasa siweki hapa, msinilazimishe, nimeshapeleka malalamiko yangu ninakojua na skrinshoti zote ninazo.

NYONGEZA: naona mnaniambia "si ungeenda Kariakoo mwenyewe, treni ipo". Ni kweli treni ya umeme inafika Dodoma toka 2024 na inakwenda haraka, ila mimi ni mwajiriwa, siku ya kazi siwezi kuomba ruhusa nikanunue pazia, na Jumamosi nina mtoto mdogo. Na yule wa Kondoa, wa Kibondo, wa Namtumbo naye apande treni gani? Simu ndo duka lake. Kumwambia aende Kariakoo ni kumwambia asinunue.

NYONGEZA 2: kuna mdau kasema kupanga bei kwa kuangalia mteja ni biashara ya kawaida, hata dalali wa nyumba anafanya. Ndugu yangu, dalali naye tunamlalamikia humu kila siku. Kitu kikiwa cha kawaida hakijawa halali.

NYONGEZA 3: wadada watatu wamenijia wamenitumia skrinshoti za ukurasa ule ule. Kitambaa kile kile. Mmoja kaambiwa 15,000, mmoja 17,000, mmoja ana picha ya harusi yake akaambiwa 20,000. Tunakusanya zote tuzipeleke pamoja, mwenye yake anitumie na tarehe ionekane.

Na mwisho nina shida ya kweli, madirisha ya mama bado yanaonyesha ndani na nimeanza kuchanga upya. Mwenye kumjua muuzaji wa mapazia mazito, awe Kariakoo au hapa hapa Dodoma, mwenye duka linaloonekana kwa macho, aandike hapa chini mtaa na bei ya mita. Hapa hapa kwenye uzi, kila mtu aone. Inboksi siendi.