Hamtaki kufungua kichupa cha surua, kisha mwatuita watoro wa chanjo

Salaam aleikum wanajamvi. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na asije mtu hapa kuniambia nipunguze ukali.

Mwanangu ametimiza miezi 9. Kijitabu cha kliniki kimeandika wazi: miezi 9 sindano ya kwanza ya surua na rubela, miezi 18 ya pili. Sisi ni watu wa visiwani, Lamu. Kijijini kwetu hakuna zahanati, kwa hivyo kliniki ni mashua, na mashua haiondoki kwa saa ya ukutani, yaondoka kwa maji. Bahari ikipwa chombo chalala matopeni na wewe na mtoto wako mwalala ugenini. Msimu wa kusi ndio usiseme, kuna siku nahodha mwenyewe akataa kutoka. Basi mama akifika kliniki na mtoto kifuani, jueni amefika kwa shida.

Nimefika. Mtoto kapimwa uzito, kaandikwa. Zamu yangu ikaja, nesi akaniambia: "Mama, leo mko watatu tu. Kichupa hiki ni cha watoto 10. Rudi siku nyingine, wakitimia tutafungua." Nikamwambia, "Sista, mimi nimekuja na bahari." Akafungua kijisanduku cha barafu, akanitolea kichupa nikione kwa macho yangu. Unga mkavu umekaa chini, kifuniko hakijaguswa. Akakirudisha ndani.

Chanjo ipo, ya baridi, mbele ya macho yangu, na mwanangu karudi nyumbani bila kinga. Wala si mara ya kwanza, wala si mimi peke yangu. Siku hiyo hiyo bibi mmoja alikuja na mjukuu mchanga kutafuta sindano ya kifua kikuu, ile wanayodungwa mkononi wakizaliwa. Naye karudishwa. Hiyo kichupa chake ni cha watoto 20, sasa huko visiwani watoto 20 wazaliwe wiki moja?

Sababu yao naijua, nimeelezwa. Chanjo ya surua na ya kifua kikuu huja unga, huchanganywa na maji yake maalum, na ikishachanganywa haina budi kutumika ndani ya saa 6, kinachobaki kimwagwe. Si kama ile ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, ambayo ni maji tayari na kichupa kikifunguliwa kikatunzwa vizuri kwenye baridi chaweza kutumika hadi siku 28. Haya, nimeelewa. Lakini Shirika la Afya Duniani lasema chanjo ya surua ifunguliwe hata akiwa mtoto mmoja tu, na dozi za kumwagwa huhesabiwa tangu wakati wa kuagiza. Nani basi aliyekaa akaamua kwamba dozi 7 zikimwagwa ni hasara, na watoto 3 wakirudi bila kinga si hasara?

Simlaumu nesi peke yake. Aliniambia mwenyewe kwamba mwisho wa mwezi huulizwa dozi zimeenda wapi. Je, kuna anayemuuliza watoto wangapi wamerudishwa? Hao waliorudishwa hawaandikwi popote. Kinachoandikwa ni kwamba hawakuchanjwa.

Na hapa ndipo damu inaponichemka. Baada ya muda mhudumu wa afya ya jamii alipita majumbani na orodha. Mwanangu yumo. Mtoro wa chanjo! Mimi niliyelipa nauli, niliyekaa benchi tangu asubuhi, naulizwa mbele ya jirani zangu kwa nini simpeleki mtoto kliniki. Kisha tunasikia kwenye mikutano kwamba watu wa visiwani hawapendi chanjo, wanafuata uvumi, wahamasishwe. Wapo wanaofuata uvumi, sikatai. Lakini mama aliyerudishwa leo na kurudishwa tena kesho, atakuja tena? Na jirani aliyemwona akirudi mikono mitupu, ataondoka na mwanawe?

Surua si mchezo. Vijidudu vyake hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza watu 12 mpaka 18 wasio na kinga. Vipele na macho mekundu ndivyo vinavyoonekana. Kinachoua ni nimonia, kuhara, na ubongo kuvimba, na wapo wanaopona wakabaki vipofu. Ile kinga mtoto aliyozaliwa nayo kutoka kwa mamake hupungua mwaka wa kwanza, ndiyo maana ya hiyo miezi 9. Kila wiki mnayotuambia turudi, mtoto yu wazi.

Msituambie "ni watatu tu". Ndui, ule ugonjwa uliokomeshwa kwa chanjo, iliishia pwani hii hii tunayoikaa, huko Merka, Somalia, Oktoba 1977. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, ambaye hakuwa na kinga. Alipanda gari moja na wagonjwa kwa muda mfupi tu awaonyeshe njia, basi akaambukizwa. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa anazunguka kuwasihi wazazi wachanje watoto wao polio. Huyo alikuwa mmoja tu.

Ninachotaka ni hiki. Mtoto aliyefika achanjwe, awe peke yake au wawe kumi. Kama mwaona lazima muwakusanye, basi wekeni siku maalum ya surua, itangazwe misikitini na kwa wenye mashua, ifuate maji, au leteni kijisanduku hicho vijijini nyinyi wenyewe. Na orodha ya watoro ipigwe msasa, waliorudishwa watolewe.

Kina mama wa Kiwayu, Ndau, Kizingitini, Kipungani, hata wa Malindi huko, yaliyowapata yaandikeni hapa chini. Na ukirudishwa, usiondoke kimya. Mwambie nesi aandike kwenye kijitabu chako tarehe, sababu na sahihi yake. Mimi safari ijayo siondoki benchi mpaka aandike.